Waumini wa Sinai

Nchelenge, Zambia, kuna makanisa mengi kuliko maduka ya mkate, na Esnart aliyajua yote. Aliyajua ya matofali na ya maturubai, yenye kengele na yenye spika za kupasua masikio, hata lile dogo la mchungaji mmoja na shemeji zake lililohamahama kandokando ya Ziwa Mweru kila maji yalipopanda. Kwa hiyo Ijumaa ile, programu mpya ilipokataa kupokea kundi la wagonjwa kwa sababu kanisa lao halikuwa kwenye orodha yake, alicheka peke yake ofisini. Wote walikuwa wameandikwa kuwa waumini wa Sinai. Kanisa la Sinai halipo Nchelenge, wala halijapata kuwepo.

Kazi yake ilikuwa ya kuchosha macho. Zahanati ya kando ya ziwa ilikuwa inaachana na programu yake ya zamani na kuhamia mpya, ya kwenye tableti. Esnart alichukua rekodi za wagonjwa kutoka kwenye ile ya zamani, akazimimina katika ile mpya, akaangalia kipi kinagoma kuingia. Kila kilichogoma alikiandika kwenye jedwali: pengo ni lipi, lina athari gani, lifanyiwe nini. Alikuta tarehe zilizogeuzwa, watoto waliozaliwa kabla ya mama zao, vijiji vilivyobadilishwa majina na wenyewe hawana habari. Jedwali hilo ndilo wakubwa walilolingoja. Bila sahihi yake, tableti zisingetoka nje ya mlango.

Programu ya zamani ilikuwa na kiburi chake. Haikukubali kuhifadhi mgonjwa asiye na kanisa. Ukiiacha nafasi ile tupu ilikupigia kelele mpaka uijaze. Kisha kila ukimfungua mgonjwa, kanisa lake lilitokea juu kabisa kwa herufi kubwa nyekundu, kando ya jina, maana aliyeitengeneza aliona kwamba mtu akizidiwa ni lazima ijulikane aitwe mchungaji gani. Aliyeijaza kwa miaka yote ile alikuwa Sister Chisala, muuguzi mkuu. Angekuwa hai angeulizwa habari za Sinai. Lakini Sister Chisala alizikwa kwao Mununga mwaka uliopita, na programu yake ikabaki yatima.

Esnart akamwita Florent, mkuu wa mradi, fundi aliyetoka Lubumbashi na kuoa Nchelenge. Florent aliinama juu ya bega lake, akasoma.

"Sinai? Bon, hii kanisa iko wapi?"

"Haiko, chef. Nchelenge yote haiko."

"Basi ni makosa ya mwenye kuandika. Na ata ingekuwa, mu système mupya ile fasi ya kanisa tunaifuta. Lusaka banasema kanisa ni affaire ya mutu na Mungu yake. Andika haina athari, tuendelee."

"Lakini beko bantu mingi, chef. Mutu hawezi kukosa mara mingi vile, na neno paka moya, Sinai tu."

Florent alijinyoosha mgongo, akapumua kwa nguvu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka husikia swali kama madai.

"Esnart, Jumapili bateau inavuka ziwa kwenda Chisenga na tablette ya kwanza. Kule banaingojea. Unataka niisimamishe juu ya kanisa yenye haiko?"

Ukisikia swali hilo kutoka kwa mkubwa wako, utajibu nini? Esnart alisema hapana. Alipogeuka tena kwenye skrini aliteremka taratibu kwenye orodha ya waumini wale, akaona majina aliyoyajua. Alimwona Marlène, mfanyabiashara wa samaki anayeongoza kwaya ya kanisa la Esnart mwenyewe, ambaye alimsikia akiimba kila Jumapili. Chini yake akamwona Rosalie, na moyo ukamruka kidogo, kama unavyoruka ukimkuta mtu wako mahali usipomtarajia.

Rosalie ndiye aliyemlea. Mama yake Esnart alipofariki, huyu Mkongomani asiye ndugu, aliyekuwa akinunua samaki kwao tu, alimbeba mtoto mgongoni na hakumtua tena. Alimlisha, akamsomesha kwa samaki wa kukaushwa, akamfundisha Kiswahili cha ng'ambo mpaka watu wakamwona Mkongomani wa kujipachika. Sasa alikuwa mzee, anakausha samaki kwenye kambi ya wavuvi kisiwani Chisenga, na alikataa katakata kuhamia bara. Esnart hakuwa na mtu mwingine duniani.

Alitikisa kichwa, akaandika kwenye jedwali: *Pengo: kanisa. Athari: hakuna. Hatua: liachwe.* Akatia sahihi. Chai yake ilikuwa bado ina moto.

Jumamosi Rosalie alipiga simu. Upepo wa ziwa ulikuwa ukivuma ndani ya simu yake, sauti ikaja ikipotea.

"Mutoto yangu, muguu yangu imefura sawa bukari, ugali ya ndoa! Mwiba ya samaki iliniingia, sasa kusimama ni tabu."

"Mama, juu ya nini hukunambia? Nitakutumia bateau ikulete huku."

"Bateau ya nini? Kesho madokta benyewe banakuya huku. Niko wa kwanza mu mustari, nimeisha kusema na bale benye kambi. Nataka shindano. Sitaki bile vidonge vya kutafuna sawa karanga."

Esnart akacheka, maana ndivyo alivyokuwa Rosalie. Kwake dawa isiyo ya sindano, isiyouma, haikuwa dawa. Kisha akakumbuka, akamwuliza kwa utani: "Mama, mbona mu mashine ya zahanati uko wa kanisa ya Sinai? Ulituacha lini?"

"Miye? Miye Mukatolika tangu mu tumbo ya mama!" Rosalie alicheka mpaka akakohoa. "Sinai yenu mutaijua benyewe. Labda ni mambo ya ile siku nilianguka kule kwa Sister Chisala. Nilipoamuka alinishika mukono, akasema, Rosalie, usiogope tena, sasa mashine inakujua."

"Ulianguka na nini, Mama?"

Lakini salio la Rosalie lilikuwa limekwisha. Esnart akapiga, ikawa haipatikani. Alikaa na simu mkononi. Kitu kilimgusa ndani, kidogo tu, kama mtu anayekugusa bega sokoni na ukigeuka humwoni. Akajiambia ni maneno ya wazee. Akafua nguo zake za Jumapili.

Asubuhi ya Jumapili ziwa lilikuwa limetulia kupita kiasi. Mweru likitulia hivyo halipendezi. Maji yanakuwa mazito, rangi ya chuma, na ng'ambo ya Kongo haionekani kabisa. Mashua ya zahanati ilikuwa imeondoka alfajiri. Walichagua Jumapili makusudi, kwa sababu ndiyo siku nyavu hazitupwi na wavuvi wote wako kambini. Aliyekwenda na tableti alikuwa Blanchard, muuguzi Mkongomani, aliyepewa safari hiyo kwa ajili ya lugha, pamoja na Lloyd, msaidizi wake.

Kanisani Esnart alisali kwa midomo tu. Macho yake yalikuwa kwa Marlène, aliyesimama mbele ya kwaya akiwa na kitenge kipya, anaimba kwa sauti ya kutikisa mabati. Mtu wa Sinai, akawaza. Ibada ilipokwisha alimfuata uani, kwenye kundi la akina mama waliokuwa wakisalimiana.

"Yaya Marlène, dada yetu, nasikia ulihama kanisa. Mu mashine ya Sister Chisala uko wa Sinai."

Alitaka acheke pamoja naye. Na kweli Marlène alicheka, akampiga kibao cha bega.

"Ah, ile! Bado iko mule? Sister yule alikuwa na akili, Mungu amupumuzishe. Alinipiga shindano ya pénicilline, uso yangu yote ikafura, pumuzi ikakata. Kufa nilikuwa nakufa. Kuamuka, akaniambia, tangu leo weye uko wa Sinai. Si unajua ile mulima ya Musa? Haiguswake, ukiigusa unakufa."

Esnart akamsogelea zaidi.

"Mu mashine yake hakukuwa fasi ya kuandika dawa yenye mwili ya mutu inakatala," Marlène aliendelea, akijifunga kitambaa kichwani. "Njo maana akatutia bote mu kanisa moya. Jina ile nyekundu, kila dokta anaiona mbele ya kitu yoyote. Akasema tusijichokeshe kukumbuka, mashine itatukumbukia."

"Bote, yaya?"

"Bote benye pénicilline inatukatalaka. Esnart? Uko na nini?"

Esnart alikuwa ameshavua viatu. Alikimbia navyo mkononi, katikati ya watu waliovaa vizuri, kupita wauza samaki na baiskeli za abiria, na kila aliyemwona alidhani amefiwa. Alikuwa na ufunguo wa ofisi. Njia nzima alipiga simu ya Blanchard, ikawa haipatikani. Akapiga ya Rosalie, haipatikani. Akapiga ya Florent, na Florent akapokea akiwa anatafuna.

"Chef, Sinai si kanisa! Ni bantu benye penisilini inabaua! Tuliifuta, chef. Tablette haijue, Blanchard hajue."

Ikasikika sauti ya kiti kikiburutwa.

"Mon Dieu. Esnart, sikia. Badilisha mu serveur, mu ile mashine ya ofisi, sasa hivi. Tablette ikipata réseau, itaipokea yenyewe."

"Na kama haipate?"

Florent alisema anakuja.

Ofisini Esnart alifungua kompyuta. Alianza na Rosalie, na nani angemlaumu? Katika programu mpya nafasi ya mzio ilikuwepo, safi, nzuri, imepangwa na watu wenye akili zao, na ilikuwa imejazwa neno moja: *Hakuna*. Kwa sababu rekodi ya zamani haikuwa na nafasi kama hiyo, mpya ilikuwa imejijazia yenyewe. Hilo nalo alilipima wiki iliyotangulia, akaliona ni sawa. Alifuta neno lile, akaandika PENISILINI, akahifadhi. Chini ikatokea alama ndogo ya kijivu: *Inasubiri kifaa.*

Akaendelea na Marlène, na aliyefuata, na aliyefuata, huku jicho moja likiwa kwenye alama ile ya kijivu. Kisiwani Chisenga mtandao unapatikana kwenye kituta kimoja tu nyuma ya kambi. Mtu lazima apande na kusimama pale. Esnart alimwomba Mungu Blanchard apande kituta. Kwa sauti, kama kichaa, ofisini peke yake, alimwambia: "Panda, kaka. Panda, nakuomba."

Na Blanchard akapanda.

Rekodi zilianza kuingia kutoka kwenye tableti, moja baada ya nyingine, kila moja na tiki yake ya kijani. Mtoto mwenye homa. Mvuvi aliyekatwa na kamba. Mama mjamzito. Programu ilifanya kazi vizuri ajabu, hakuna hata moja iliyogoma. Halafu ikaingia ya Rosalie. Hii haikupata tiki. Dirisha lilifunguka katikati ya skrini, na ndani yake Rosalie alikuwa wawili.

*Rekodi hii imebadilishwa mahali pawili. Ipi ibaki?*

Upande wa kushoto ulikuwa wake: mzio, PENISILINI. Upande wa kulia ulikuwa wa kisiwani: mzio, hakuna, jeraha la mguu, sindano ya benzathine penisilini, imetolewa. Esnart alisoma neno hilo la mwisho, akalisoma tena.

Simu ikaita. Ilikuwa namba ya Blanchard.

"Esnart!" Alikuwa akihema kama mtu aliyekimbia mlima. "Nimepanda huku juu ya réseau. Kuko mama moya, Rosalie. Nilimuchoma, akasimama akinicheka, anasema mukono yangu iko muzuri. Kisha akaanguka. Nimemupa adrénaline, nimemurudilia tena, haitike. Lloyd njo iko naye kule chini. Mu tablette iko imeandikwa hakuna allergie. Nilisoma mbele ya kumuchoma, Mungu iko anaona, nilisoma!"

"Najua ulisoma," Esnart alisema.

"Basi niangalilie mu mashine ya zamani. Kulikuwa kitu? Sister Chisala aliandika kitu juu yake?"

Jedwali lilikuwa bado limefunguliwa nyuma ya lile dirisha. Kwenye kona aliweza kuiona sahihi yake, na juu yake mstari alioandika Ijumaa: athari, hakuna. Aliweka kidole kwenye mstari ule amsomee.

"Esnart? Kulikuwa kitu?"

"Kulikuwa," akasema.

Nyuma ya Blanchard, chini kule kambini, mwanamke mmoja akapiga ukemi mrefu. Wengine wakampokea, mmoja mmoja, mpaka simu ikajaa kilio. Kwenye skrini programu ilikuwa bado inangoja jibu: ipi ibaki.