Siku Nne za Kulala

Bridget alipompigia mama yake simu kutoka Lamu, alikokuwa akifundisha, hakubembeleza. "Mama, nimeshapanga kila kitu. Utakuja, utakaa peke yako siku nne kwenye kisiwa kimoja hapa karibu, utapumzika."

Kinanu alikubali kwa sababu hakuwa na nguvu za kubishana. Mwezi wa tatu alikuwa amemzika mumewe, Mwongera, baada ya kumuuguza miaka minne. Kiharusi kilimwangusha asubuhi moja akifungua duka lao la dawa za mifugo hapo Isiolo, na tangu siku hiyo hakuinuka. Kinanu ndiye aliyemlisha, akamwogesha, akamgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda mgongoni. Watu wa kanisa walimsifu kwa moyo wake. Hakuna aliyemwambia alale.

Kisiwa chenyewe kilikuwa kidogo, na zaidi ya nyumba moja ya wageni nyuma ya vilima vya mchanga hapakuwa na nyumba wala duka. Ufuo ulinyooka mweupe, mtupu, na alama pekee mchangani zilikuwa za kaa na za kasa mmoja aliyepanda kutaga mayai. Mama mwenye nyumba ya wageni alimtandikia mkeka chini ya kibanda cha makuti, akamwachia madafu mawili, akaenda zake.

Kinanu alilala. Alilala mpaka jua likahama na kumchoma miguu, akausogeza mkeka, akalala tena. Mara mbili tatu alishtuka, mikono imeshanyooka kutafuta mabega ya mtu. Nimechelewa kumgeuza! Kisha akasikia mvumo wa mawimbi, akakumbuka.

Siku ya pili mama mwenye nyumba alimletea wali wa nazi na samaki, akakuta madafu hayajaguswa.

"Mwenzangu, u mgonjwa?"

"Hapana. Nimechoka tu."

"Safari ya kutoka bara ni ndefu."

"Ni ndefu," Kinanu akasema, akageukia upande wa pili.

Siku ya nne ndipo alipoingia baharini, tena kwa kujilazimisha, maana Bridget angeuliza. Maji yalikuwa vuguvugu, sawasawa na yale aliyozoea kuyapima kwa kiwiko kabla ya kumwogesha Mwongera. Akaketi palepale na nguo zake, maji yakamfika kifuani, akalia. Hakuwa akimlilia marehemu peke yake. Siku ile Mwongera alipokata roho, wazo la kwanza lililomjia Kinanu lilikuwa kwamba leo atalala, na hakuwahi kumwambia mtu. Alilia kwa sauti, maana ufuo wote haukuwa na wa kumsikia.

Aliporudi Isiolo alikuwa bado amechoka. Jirani yake Nakolong, muuza mkaa, alifika jioni hiyo hiyo.

"Mama Bridget! Habari ya bahari? Niambie yote, mimi sijawahi ona."

"Nakolong, sina hadithi. Nililala siku nne."

Nakolong akacheka. Kicheko kikakatika, akakaa kwenye stuli. "Siku nne," akasema polepole. "Na hakuna mtu alikuamsha?"

Kinanu akamtazama vizuri. Mwaka uliopita Nakolong alimleta mama yake kutoka Ngaremara, bibi asiyeweza hata kujisogeza kitandani. Macho ya Nakolong yalikuwa mekundu, na blauzi alikuwa ameivaa nje ndani bila kujua.

"Kesho asubuhi nitakuja kukaa na mama yako," Kinanu akasema. "Wewe utakuja kulala hapa kwangu."

"Na wewe umechoka hivyo?"

"Nimechoka. Lakini hiyo kazi naijua."

Asubuhi Nakolong alijitupa kwenye kitanda cha Kinanu na viatu vyake, akalala mpaka saa tisa. Ng'ambo ya ua, bibi alimwambia Kinanu maneno kwa Kiturkana. Kinanu hakuyaelewa. Akamjibu kwa Kimeru, akamwekea mto vizuri, na bibi akaendelea kuongea.