Picha Zilizoonyesha Njia

Huqa alikuwa akimpiga mtoto wa jirani picha ya pasipoti, ndani ya studio yake ndogo mjini, mtaa wa Wabera, Felix alipoingia bila hodi, helmeti bado iko kichwani. Felix ndiye mwendesha bodaboda aliyekubali kumpeleka porini kila alipotaka kupiga picha za miti, na kumsubiri mpaka jua lizame bila kunung'unika.

"Mzee, ule mti wako wa Ngaremara," alisema.

"Umeanguka?"

"Umekatwa. Nimepita huko leo. Imebaki kisiki na majivu tu."

Huqa aliendelea na kazi, lakini picha ya mtoto ilitoka imetikisika, ikabidi airudie.

Tangu utotoni miti ilikuwa imemteka. Akichunga mbuzi wa baba yake karibu na Kulamawe, wenzake walikimbizana na digidigi. Yeye alilala chali chini ya mgunga, ule ambao kwao waliuita dhadacha, akitazama mwanga ukichujwa na majani madogo. Alipopata kamera yake ya kwanza, kuukuu na yenye ufa, hakuanza na mama yake. Alianza na mti, na mama akamnunia kwa siku nyingi. Harusi na pasipoti zilimlisha, lakini moyo ulibaki porini. Alilijua lile jua la nchi kavu linaloshuka mpaka likapenya chini ya matawi, likalipaka shina rangi ya shaba, huku vumbi la mifugo inayorudi nyumbani likining'inia hewani. Ukipepesa macho, umelikosa.

Picha hizo alizirusha mtandaoni. Na kwa kuwa alijivunia kwao, chini ya kila picha aliandika namna ya kufika: fuata laga, yaani mto mkavu, pita kilima cha mawe meusi, utauona mkono wa kushoto. Alitaka watu waende wakajionee.

Jioni ile walienda Ngaremara, wakakuta ni kweli. Huqa hakukaa sana. Alimwomba Felix wapitie mti mwingine, ulioko ndani kabisa, ambao hauonekani kutoka barabarani. Huo nao ulikuwa umelala chini, umekatwakatwa, utomvu bado mbichi. Ilikuwa miti miwili ya mwisho aliyoitangaza, na ilikuwa imekatwa kwa mpangilio uleule.

Nyumbani hakugusa chakula.

"Baba Ado, kula," mkewe Madina alimwambia. "Wachoma makaa walikuwepo hata kabla ya simu. Wana macho yao."

"Huu wa pili hata wachungaji hawaupitii, Mama Ado. Nani aliwaonyesha?"

Madina aliifunika sahani, akaiweka kando.

Alianza kufuta picha zake, moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye picha ya mgunga wa Kulamawe, ule wa utoto wake, alisita. Watu wengi walikuwa wameshaisambaza. Mmoja aliuliza, "Uko wapi hasa?" na Huqa mwenyewe alikuwa amemjibu kwa furaha, hatua kwa hatua.

Kesho yake alitaka waondoke kwenda Kulamawe baada ya sala ya alfajiri, lakini pikipiki ya Felix ilikuwa kwa fundi. Akashinda akizunguka gereji, akiuliza kila mara kama imekwisha, mpaka fundi akamwomba kwa upole aende akanywe chai. Walipotoka mjini jua lilikuwa limeshapinda. Lori lililosheheni magunia ya makaa likawapita likienda mjini, na Huqa akageuza shingo kulitazama mpaka likamezwa na vumbi.

"Mzee, legeza mikono," Felix alisema. "Unanivunja mbavu."

Walipokaribia laga waliona moshi mwembamba. Huqa aliteremka kabla pikipiki haijasimama vizuri, akakimbia, kamera ikimgonga kifua.

Mgunga ulikuwa umesimama. Lakini chini yake walikuwa wanaume wawili, na katikati yao msumeno wa mota. Moshi ulikuwa wa chai.

"Salaam aleikum," Huqa alisema, akihema.

"Aleikum salaam, Mzee Huqa," mmoja alijibu. "Ni mimi Waqo, mtoto wa Denge."

Denge! Alikuwa amechunga mbuzi na Denge chini ya matawi haya haya.

"Umenijuaje?"

"Nani hakujui? Picha zako zote naona. Nzuri sana." Hakuwa akimdhihaki, na hilo ndilo lililouma.

"Waqo, niambie ukweli. Ulifuata picha zangu?"

"Hapa ni kwetu, hapa najua. Lakini ile ya Ngaremara, ndiyo. Uliandika vizuri, mzee. Hatukupotea hata kidogo."

Huqa alipita katikati yao, akakaa, akaegemeza mgongo kwenye shina.

"Sasa hiyo ni nini?" Waqo akauliza.

"Sitoki."

"Ng'ombe zetu zote zilikufa kwa ukame. Watoto wangu watakula picha?"

Huqa alijikaza zaidi kwenye shina. "Sina la kukwambia," alisema. "Lakini sitoki."

Yule mwenzake Waqo, ambaye hakuwa amesema neno, akavuta kamba, msumeno ukanguruma. Felix akapiga kelele, lakini kelele zake hazikusikika. Mnyororo ulikuja ukizunguka mpaka Huqa akahisi upepo wake shavuni. Alifumba macho. Mwili wote ulitaka kukimbia. Ni miguu tu iliyokataa, na hakujua kama huo ulikuwa ujasiri au woga.

"Zima!" Waqo alisema. "Nimesema zima!"

Kimya kikarudi. Waqo alimwaga chai iliyobaki juu ya moto. "Leo umekaa, mzee. Kesho utakaa? Na kesho kutwa?"

Wakaondoka. Wakati huohuo jua likashuka chini ya matawi, na mti mzima ukawaka kama shaba. "Mzee, mwanga ndio huo," Felix alimnong'oneza. "Hupigi?" Huqa aliinua kamera hadi jichoni. Akaishusha.

Walikwenda moja kwa moja Kulamawe, kwa Denge. Mzee huyo alisikiliza hadi mwisho, akainamisha kichwa, kisha akatuma watu wawaite wazee wanaosimamia malisho. Walipokutana, walipiga marufuku msumeno wowote kando ya ile laga, na ukoo ukamchangia Waqo mbuzi wa kuanzia, kama inavyofanywa kwa aliyeishiwa mifugo. Waqo alipokea akitazama chini. Hakusema atakata tena, wala hakusema hatakata.

Tangu hapo Huqa anapiga picha, lakini haonyeshi mtu. Mwalimu mmoja aliomba awapeleke wanafunzi wakauone mgunga. Akamwambia njia imeharibika. Madina alisikia uongo huo, akasubiri mgeni aondoke.

"Na mimi?" aliuliza. "Miaka yote nasikia habari za mti huo. Sijauona."

Alimpeleka siku ya Jumapili, kwa gari la kukodi. Njia nzima Huqa aligeuka nyuma kuangalia kama kuna anayewafuata, na kilima cha mawe meusi kilipotokea aliinama mbele, akiutafuta mti. Kisha ukaonekana, mzima, na akashusha pumzi.

Madina alikaa kivulini, akavua viatu, akatazama juu kwa muda mrefu. "Kumbe," alisema tu.

Huqa alikuwa anataka kumpiga picha pale, uso wake kwenye ule mwanga, waliposikia pikipiki ikija kutoka upande wa pili wa laga. Madina alimshika mkono. Walikaa hivyo, wakisikiliza, mpaka mlio ukapita, ukafifia kuelekea barabarani.