Kikopo Chenye Jina la Khamphan

"Nilikwambia! Nilikwambia mpaka ulimi ukaota sugu!" Buarai alimnyooshea mumewe mwiko, ndimu ikadondoka sakafuni. "Samaki wabichi kila ukikaa na walevi wenzako. Haya, kula sasa! Ini lako limegeuka bwawa la minyoo."

"Punguza sauti, mama Nari. Watu wako shambani hapo."

"Wasikie! Nao wakapimwe!"

Dada Thiamta, mhudumu wa afya wa kijiji, alikaa kwenye kitanda cha mianzi na kapu lake la vikopo, akingoja mvua ya maneno ikatike. Habari aliyoileta ilikuwa fupi. Mkojo uliokuwa kwenye kikopo chenye jina la Khamphan umeonyesha alama ya minyoo ya ini, tena kwa wingi. Daktari wa chuo kikuu yuko hekaluni na mashine ya ultrasaundi, amtazame kama ini limeshaumia. Adhuhuri anaondoka.

"Umesikia? Adhuhuri!" Buarai alirudi kwenye bakuli lake kubwa la koi, samaki waliokatwakatwa na kukamuliwa ndimu, akaongeza pilipili kana kwamba anamnyunyizia mumewe machoni.

Khamphan hakufanya utani. Hilo halikuwa la kawaida, maana mtu yule hata kwenye msiba hakosi utani. Alikuna shingo, akamtazama Thiamta, kisha akatazama vidole vyake vya miguu.

"Mkojo ule si wangu," alisema.

"Wa nani basi? Wa paka?"

"Paka hana kosa. Wala hakumwaga kikopo chako siku ile kama nilivyokwambia. Nilikichukua mimi, nikabandika jina langu." Alisogea mbali na mwiko. "Niliogopa kupimwa. Nikasema mke wangu hali vibichi, nikipeleka wake wataniacha. Ule mkojo ni wako, mama Nari."

Thiamta alifunika mdomo kwa kiganja.

Buarai alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Muongo mkubwa. Mimi? Tangu tuuchome mwili wa Kaenta sijala kipande cha samaki mbichi!"

Kaenta alikuwa dada yake. Alianza kujikuna usiku na mchana, halafu macho yakageuka rangi ya manjano, na saratani ilipoonekana kwenye mirija ya nyongo, kisu cha daktari hakikuwa na la kufanya tena.

"Shoga," Thiamta alisema taratibu, "hapo mbele yako kuna nini?"

"Koi ya watu wa ujima. Wamekuja kutuvunia mpunga, niwape nini, maji? Mwaka jana nyumba ya pili walipika mchuzi, mpaka leo wanaitwa wachoyo."

"Na chumvi ikikolea unajuaje?"

Buarai aliutazama mwiko. Kila mtu kijijini alijua koi ya Buarai haina mpinzani, na kila mtu alijua kwa nini: huonja tena na tena.

"Naonja, natema," alisema. "Tena na ndimu inakuwa imeshaivisha."

"Ndimu inageuza rangi tu, kinachoivisha ni moto. Na yule mdudu akiwa ndani ya nyama ya samaki humwoni kwa jicho. Wewe unatema, yeye ameshateremka."

Buarai aliketi palepale sakafuni, mwiko mkononi. Alijishika ubavu wa kulia. Haukumuuma. Hata Kaenta mwanzoni haukumuuma.

"Nyinyi mmejuaje kwa mkojo tu?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Minyoo ikikaa kwenye mirija ya nyongo inaacha taka zake mwilini, nyingine hutoka na mkojo. Hiyo ndiyo alama. Zamani tuliomba kinyesi, watu wakaona haya, na mayai yakiwa machache yalipita bila kuonekana. Watafiti wamejifunza polepole, kwa wagonjwa wenyewe. Dada yako alikuwa mmoja wao."

Buarai alikumbuka. Kila watafiti walipokuja, Kaenta alinyoosha mkono ule mkavu atolewe damu, na yeye alifoka: watu gani hawa, wanamnyonya hata anayekufa? Kaenta alijibu kwamba yeye ameshachelewa, huenda ikamfaa mtu mwingine. Buarai hakuwahi kujiuliza mtu huyo ni nani.

"Asante, dada," alisema. Thiamta alidhani anaambiwa yeye, akaitikia, na Buarai hakumsahihisha, kwa kuwa naye alistahili. Mwanamke huyu hubisha hodi nyumba kwa nyumba akiomba mikojo ya watu, na anatukanwa bure.

Kisha akamgeukia mumewe. "Ungeweza kunyamaza. Ungekwenda wewe, ukameza dawa, yakaisha."

"Ningenyamaza," Khamphan alisema, "halafu uzeeni nitukanwe na nani?"

"Mwizi wa mkojo wewe." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Asante."

Aliinuka, akabeba bakuli, akamwaga koi yote kwenye sufuria iliyokuwa ikitokota.

"Watu watanuna!" Khamphan aliruka.

"Wanune wakiwa hai. Dada Thiamta, koroga hiyo mpaka iive sawasawa, wali wa kunata uko kikapuni. Wakiuliza, waambie nimewapikia kwa sababu nawashukuru." Alichopoa kikopo kipya kapuni, akamtupia mumewe. "Jaza. Na mlango uache wazi."

Buarai aliwasha pikipiki kabla Khamphan hajamaliza kufunga mkanda. Hekaluni watu walikuwa wameshapungua, na daktari, msichana mwenye miwani, alikuwa anakunja nyaya. Buarai hakungoja kuitwa. Alivua ndala, akalala kwenye benchi, akapandisha blauzi yake.

"Daktari, jina ulilopewa si langu, lakini ini ni hili. Anza na mimi."