Mkono wa Shangazi

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," nilimwambia shangazi tukiwa bado mlangoni. Hakunisikia. Ukumbi mzima ulijaa meza za vyuo vikuu vya binafsi, na kijana wa meza kubwa kuliko zote, mwenye tai nyekundu, alishamdaka kama ndugu aliyepotea.

Shangazi anauza maharage ya jumla sokoni. Ndiye aliyenilea mimi na mdogo wangu, tunayemwita Kidosho, na sasa ameuza kiwanja chake cha pekee ili Kidosho asomee uhasibu. Tukikosea chuo, kiwanja kingine hakuna.

Mimi nilimaliza sekondari kwa masomo ya jioni, ujauzito ukiwa miezi minane. Elimu naipenda kama ninavyompenda huyu mwanangu niliyembeba mgongoni. Ndiyo maana nikiona mtu anaichuuza kama nguo za mtumba, damu inanichemka.

"Kwetu asilimia tisini na sita wanahitimu!" alisema Tai Nyekundu.

"Ya nani?" nikauliza.

"Ya watahiniwa wa mwaka wa mwisho, dada."

"Sijauliza waliofika mwisho. Walioanza je?"

Akacheka. "Dada, unahoji kama polisi! Mtoto analia, mnyonyeshe kwanza."

Mtoto alikuwa amelala fofofo. Nilitamani kumtia yule kijana mdomoni pipi za bure zilizokuwa mezani kwake, zote kwa pamoja.

Nilipogeuka, shangazi alishaanza kupatana.

"Punguza."

"Mama, ada haina mjadala."

"Hata jeneza lina mjadala. Punguza."

Kijana akaenda kunong'ona na bosi wake, akarudi anang'aa. "Mkilipa leo, muhula wa kwanza nusu!"

Shangazi akampa mkono.

Sokoni kwao, watu wakipatana bei na mikono ikashikana, kurudi nyuma ni kujivua nguo. Shangazi aliwahi kulipia maharage yaliyonyeshewa na mvua, kisa ametoa mkono.

"Nusu ni ya muhula mmoja tu!" nikafoka. "Na ile mingine saba?"

"Nimeshatoa mkono, mama," shangazi alinijibu.

"Dada, unanitia aibu," alisema Kidosho, macho yake kwenye picha ya bwawa la kuogelea la chuo hicho.

"Aibu ni kurudi nyumbani mwaka wa tatu mikono mitupu! Utaogelea wapi hapo?" Watu wakageuka. Wageuke tu. "Shangazi, mteja akikuambia mwaga gunia nione, unafanyaje?"

"Namwaga. Mpaka harage la chini kabisa."

"Basi mwambie na huyu amwage lake."

Shangazi akamtazama kijana. "Haya, mwanangu. Wakianza mia, wanamaliza wangapi? Na kazi wanapata?"

"Takwimu hizo ni za ndani, mama."

"Za ndani? Si huko ndani ndiko unakotaka nimpeleke binti yangu?"

"Sera ya chuo, mama. Risiti niandike jina gani?"

"Usiandike." Shangazi akapandisha sauti kwa hasira. "Bei tumepatana, mzigo hujanionyesha. Hapo hakuna biashara."

Tukaishia kwenye meza ndogo ya chuo kingine, karibu na choo. Mama mmoja mwenye miwani mizito alijibu bila hata kutabasamu: wakianza mia, wanamaliza kama sitini. Wengi huangushwa na ada mwaka wa pili. Waliomaliza uhasibu mwaka jana, zaidi ya nusu wana kazi, wengine bado wanahangaika. Ada yake ilikuwa juu ya ile ya nusu, lakini ilikuwa hiyo hiyo mpaka mwisho.

"Sitini tu!" Shangazi akamgeukia kwa moto ule ule. "Na hao arobaini mliwatazama tu?"

"Wengine tuliwapa kazi za maktaba wakalipia ada. Wengine tuliwapoteza, mama. Siwezi kukudanganya."

Shangazi akavuta kiti, bado amenuna. Mkono hakuutoa.

Kidosho ndiye aliyesogea mezani, sauti ndogo. "Na mtu akifeli hesabu muhula wa kwanza, mnamfanyaje?"

Sikuwahi kujua kwamba hilo ndilo lililokuwa linamtisha.