Mafuta ya Tarehe Kumi na Tano

Kwa miaka minne Rino Ouellette alikopa pesa zake mwenyewe, na alizirudisha kwa wakati kama mtu anayeogopa kupigwa.

Ndivyo ilivyo kadi ya dhamana. Unapeleka benki dola mia tano, wanazifungia, halafu wanakukopesha hizo hizo kwa kadi, na ukichelewa wanakutoza riba. Aliyefilisika hapewi kadi nyingine. Na Rino alifilisika haswa. Lori lake la magogo lilimla hadi mifupa, akabaki na deni la elfu hamsini na nane. Msimamizi wa wafilisi aliwabembeleza wadai wakakubali mia tatu na kumi kila mwezi kwa miaka minne. Alizilipa zote. Novemba akapewa barua ya kumaliza.

Lakini barua haikupi mkopo. Kinachokupa mkopo ni alama, ile namba wanayokupimia watu wa fedha, na Rino aliifungua kwenye simu kila asubuhi kabla hata hajaenda kukojoa. Ilianzia mia nne na themanini. Januari ilifika mia sita sitini na tatu. Aliyoihitaji ni mia sita hamsini, ila maombi hayapokelewi kabla ya miezi mitatu kutimia tangu barua ile, yaani wiki ya mwisho ya Februari.

Aliihitaji kwa ajili ya nyumba ya mama yao, ile ya mbao iliyo juu ya mto, hapo Edmundston. Mama aliiandikisha kwa jina la Huguette, dada mkubwa, kwa sababu ingeandikwa kwa Rino wadai wangeigawana mpaka bawaba za milango. Ila alipokuwa anakata roho alimwambia Huguette, "Mdogo wako akisimama, muuzie kwa bei ya huruma." Huguette akaenda kwa mwanasheria, ikaandikwa: dola elfu sabini, mwisho tarehe ishirini na nane Februari, na barua ya mkopo iwe mkononi. Siku moja zaidi, hakuna. Rino akaweka kwa mwanasheria elfu nane za kutanguliza, kila senti aliyokuwa nayo, zifungwe hadi siku hiyo.

Na aliyemfundisha kadi ni huyo huyo Huguette. Alikaa dirishani kwenye chama cha akiba na mikopo miaka ishirini na sita, akiwaangalia watu wanavyoomba.

"Nunua petroli na mkate, basi," alimwambia. "Tarehe kumi na saba wanafunga hesabu. Siku hiyo deni lisizidi theluthi ya kadi. Likizidi wanakuona una njaa. Na mwenye njaa hakopeshwi."

Rino aliyashika maneno hayo. Alikuwa anaishi chumba cha chini cha nyumba ile ya mama, na juu alikaa mama yao mdogo, Aldéa, bibi wa miaka themanini na nne, ambaye kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi gari la hospitali lilikuja kumchukua akasafishwe damu, kwa kuwa figo zake zilishakufa.

Jumatatu, tarehe kumi na tano Februari, Rino aliamka akaona pumzi yake mwenyewe hewani. Akapanda juu. Aldéa alikuwa kitandani amevaa makoti mawili na kofia.

"Rino mwanangu," akasema, "nimekufa, au ni baridi tu?"

"Baridi, mama mdogo."

"Afadhali. Nilidhani mbinguni ndiko kulivyo, nikasikitika."

Nje ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Rino akaenda kwenye tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto, akaligonga. Likalia kama ngoma. Akampigia Huguette.

"Dada, mafuta yameisha."

"Yameisha vipi? Mnayanywa?"

"Tangi tupu. Mama mdogo ana makoti mawili."

"Mimi niko Quebec kwa binti yangu, nitafanya nini? Agiza. Weka kwenye kadi yako. Ijumaa pensheni yangu inaingia, nitakurudishia mpaka senti ya mwisho."

"Dada, keshokutwa ni tarehe kumi na saba."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyenifundisha."

"Basi nilifundisha vizuri. Mtoto analia huku, nakata."

Akakata. Rino akampigia Bossé, msimamizi wake kazini, kwenye magreda ya manispaa yanayosukuma theluji barabarani, akamwomba mia nne mpaka siku ya mshahara.

"Mia nne?" Bossé akacheka mpaka akakohoa. "Rino, nimekuona miaka saba ukihesabu sarafu za kahawa kama padri anayehesabu dhambi za kijiji. Leo unataka mia nne! Ningekuwa nazo ningekupa nipige picha. Sina, kaka. Mke wangu kanunua pikipiki ya theluji."

Nyumba ya Huguette ilikuwa imefungwa na funguo ziko Quebec. Moteli nayo inataka kadi. Rino alisimama jikoni, akawaza mambo yote anayoweza kuyawaza mtu asiye na pesa, na yalikwisha upesi. Kutoka chumbani Aldéa alikuwa anaimba nyimbo za kanisa polepole, meno yakigongana. Akaagiza.

Mwenye lori la mafuta akafika kabla ya saa sita mchana. Hawakuleta chini ya lita mia mbili, na hawakumpa Ouellette yeyote kwa ahadi.

"Nilidhani mmehama," akasema huku anavuta mpira. "Dada yako alipiga simu tarehe mosi, akasema tusijaze tena wenyewe, tungoje tuitwe."

"Tarehe mosi?"

"Tarehe mosi. Mia nne thelathini na mbili, bwana. Kadi?"

Kwa miaka minne Rino aliziomba mashine zimkubali. Siku hiyo aliiomba ikatae. Ikalia kidogo, ikakubali.

Tarehe kumi na saba hesabu ikafungwa. Kadi ya mia tano ilikuwa na deni la mia nne na sabini, ukihesabu na petroli. Ijumaa, tarehe kumi na tisa, saa tatu kamili asubuhi, pesa za Huguette zikaingia: mia nne thelathini na mbili, hazikupungua, hazikuzidi. Rino akalipa kadi dakika ile ile. Aliilipa kama mtu anayemnywesha maiti dawa ya kikohozi.

Wiki iliyofuata akaenda kwenye kampuni ya mikopo ya nyumba kuomba. Binti aliyempokea alikuwa mpole, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Mia sita ishirini na nane," akasema. "Umejaza kadi, Bwana Ouellette."

"Nimeshalipa. Tazama, nimelipa yote."

"Naona. Lakini namba inatazama siku ya kufunga. Mwezi ujao itapanda yenyewe. Rudi mwishoni mwa Machi, tutakupa bila shida."

"Mwisho wangu ni Jumapili hii."

"Pole sana," akasema binti, akampa kalamu yenye jina la kampuni.

Rino hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Huguette, ambaye alisharudi, akamkuta jikoni anapika ploye, zile chapati za maji za unga wa ngano nyeusi. Akakaa na koti lake, viatu vinachuruza maji.

"Ulijua tarehe," akasema.

"Vua viatu."

"Ulijua tarehe, Huguette. Ulizuia mafuta tarehe mosi, ukahesabu yataisha lini, ukaenda zako Quebec."

"Nilihesabu, ndiyo. Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote." Akamimina uji mwingine kwenye kikaango. "Mama naye alijua tarehe, unakumbuka? Tarehe tano ya kila mwezi wadai walimpigia simu, wakimwita kwa jina la kwanza kama mbwa. Kwa lori lako. Alilitilia sahihi kwa sababu ulimwambia ni karatasi ya bima."

Lilikuwa kweli.

"Alikula maharage ya kopo miaka mitatu akikuambia anayapenda. Umewahi kuyaonja yale maharage, wewe?"

"Nilikuwa nitamlipa."

"Uliwalipa wote! Benki, mwenye matairi, mpaka yule mwizi wa dizeli. Msimamizi wako wa ufilisi alinionyesha orodha ya wadai. Nikaisoma mara mbili. Mama hakuwemo."

Mvuke ukapanda kati yao.

"Ungeniambia tangu mwanzo kwamba huuzi," akasema Rino.

"Nivunje ahadi ya kitandani? Mimi siyo wewe. Nilikupa bei aliyoitaka. Nilikupa muda. Hela ya mafuta nimekurudishia siku niliyosema, mpaka senti ya mwisho. Nenda kanishitaki, uone hakimu atacheka vipi."

"Na mama mdogo? Angekufa kwa baridi!"

"Asingekufa. Nilijua utalipa." Akamwekea sahani, na siagi, na molasi. "Jema unalo moja tu, Rino, na nililitegemea. Kula, zinapoa."

Tangu alfajiri alikuwa hajatia kitu tumboni. Akala. Alikula tatu, huku dada yake akimwangalia kama mwenye duka anayemwangalia mteja wa kukopa.

Nyumba ya mama ikauzwa Machi kwa daktari wa meno wa Fredericton aliyetaka pa kulala akija kuteleza kwenye theluji. Aldéa akahamishiwa kwa Huguette, chumba cha nyuma. Rino akapanga chumba juu ya gereji ya matairi, na mwenye nyumba akataka dhamana, naye akailipa kwa kadi, siku mbili baada ya kufunga hesabu, akairudisha mapema. Alikuwa ameshajifunza sana.

Siku ya mwisho ya mwezi huo, Jumatano, simu ikamwonyesha mia sita sabini na nne, na picha ya fataki. Hongera, Rino! Aliitazama hadi kioo kikazima.

Jumanne iliyofuata theluji ikaanguka tena, sentimita arobaini, ile nzito ya mwisho inayovunja migongo. Rino akapanda greda. Njia yake ilipita mlangoni kwa Huguette. Kila mwaka, akifika pale, alikuwa akiinua kisu cha greda kidogo ili tuta la theluji lisizibe njia ya gari la dada yake. Waendesha greda wote huwafanyia ndugu zao hivyo, na Bossé hujifanya haoni.

Safari hii hakukiinua. Alikigeuza. Akasukuma theluji ya mtaa mzima, na ya kona ya jirani, na mabonge ya barafu yaliyokuwa na mchanga na chumvi, akayapanga pale mlangoni mpaka tuta likafika kifuani. Akajisikia vizuri. Hakuwa amejisikia vizuri hivyo tangu Januari.

Alikuwa mitaa miwili mbele, anapiga mluzi, gari la hospitali likampita likielekea alikotoka. Dereva akampungia mkono.

Jumanne.

Rino akasimama. Greda haligeuzwi kwenye barabara ile, lazima uizunguke barabara yote, nusu saa. Akaliegesha, akachukua sepetu, akarudi kwa miguu, anakimbia kama mtu wa miaka hamsini na tatu anavyokimbia kwenye theluji.

Gari la hospitali lilikuwa linangoja, injini inanguruma. Dereva alikuwa na mgongo mbovu, akasema hivyo mwenyewe, akabaki ndani. Rino akaanza kuchimba. Barafu ya greda haichimbiki, inavunjwa. Jasho likamtoka, likamgandia shingoni. Redio kiunoni ikawa inauliza, "Rino, uko wapi? Rino! Watu wa Mtaa wa Kanisa wanalalamika," naye akazidi kuvunja.

Dirisha la jikoni likafunguka. Huguette alikuwa na kikombe cha kahawa.

"Panua kidogo," akasema. "Na hiyo kona ya kushoto. Mama mdogo huteleza hapo."

Dakika arobaini. Ndipo Aldéa akatoka na makoti yake mawili, ameshikwa mkono na dereva, hatua kwa hatua katikati ya kuta mbili za theluji. Akasimama mbele ya Rino, akamtazama uso mwekundu.

"Mwanangu," akasema, "umeacha kazi uje unichimbie mimi! Nani kafanya unyama huu?"

"Greda, mama mdogo."

"Halina mama, hilo greda."

Dirishani Huguette akacheka, kicheko kifupi, cha puani. Aldéa akavua glavu, akapekua mkobani taratibu huku dereva anatazama saa, akatoa sarafu ya dola mbili, akamshindilia Rino kiganjani na kumfunga vidole.

"Ya kahawa," akasema. "Usinirudishie."

Wakampakia, gari likaondoka. Rino akaitia sarafu mfukoni, akarudi kwenye kona ya kushoto.