Taarifa Mpya Mtapewa Jioni

Tangu kaka yake Eliya azikwe, Flora Mughwai hakusikia tena ladha ya chumvi. Mama yake, Selina, alipika mlenda vilevile kama siku zote, wageni wa msiba wakausifu, lakini kwa Flora ulikuwa kitu cha moto kinachopita kooni tu. Wala hakulia. Eliya alipoteremshwa kaburini, watu wa Misigiri walimgeukia yeye, wakingoja. Yeye alikuwa akitazama kamba ilivyokwaruza ubao wa jeneza, akiwaza kwamba fundi alipaswa kupiga msasa kidogo zaidi.

Matanga yalipoanuliwa akarudi kazini. Kazini kwenyewe kulikuwa chumba cha mwisho cha nyumba yao: meza, kompyuta, hedifoni, na betri ya sola kwa siku umeme unapokatika. Flora alisomea utalii Dodoma, kisha akakaa mapokezi katika hoteli moja ya Arusha, na huko ndiko Kiingereza chake kilikolainika. Sasa alipokea simu za wateja wa kampuni ya ng'ambo inayopeleka watu kwa meli hadi kusini kabisa mwa dunia, kwenye barafu na pengwini. Hazikuwa meli za muziki na mabwawa ya kuogelea. Kampuni iliziita safari za uvumbuzi, na wengi wa abiria wake walikuwa wazee walioisubiri safari hiyo moja nusu ya maisha yao.

Hakuna aliyemlazimisha kurudi mapema. Msimamizi wake, Frank, aliyekuwa Arusha, alimpigia kumpa pole na kumsihi apumzike.

"Nitaingia Jumatatu, kaka," Flora alimjibu.

Ndani ya hedifoni hapakuwa na mtu wa kumwambia pole. Hilo ndilo alilolitaka.

Jumatatu hiyo akakuta meli imeharibika. Ilikuwa imerudishwa bandarini, usukani wake hautii, na abiria wote wameshushwa na kuwekwa katika hoteli ya mji mdogo wa huko, wenye upepo usiokoma. Ujumbe uliotumwa kwa wahudumu peke yao haukuficha kitu. Kifaa cha usukani kingetengenezwa upya Ulaya, kisingefika msimu huu, na safari ingefutwa. Lakini abiria wasiambiwe mpaka Ijumaa ya wiki ya pili. Mtu akiondoka kabla ya tangazo angehesabiwa kuwa amejitoa mwenyewe, na kampuni haingekuwa na wajibu wowote kwake.

Kwa hiyo ilikuwa bora kwa kampuni wachoke wenyewe, waondoke mmoja mmoja.

Wahudumu walipewa maneno ya kusema, na Flora aliyasema. "Tunasikitika kwa usumbufu. Mafundi wanafanya kila linalowezekana. Taarifa mpya mtapewa jioni." Mtu akizidi kulalamika, alikumbushwa kwamba kubadilika kwa ratiba ni sehemu ya safari ya uvumbuzi. Jioni ilipofika kule, abiria walikusanywa ukumbini, wakapewa mvinyo wa bure na mhadhara kuhusu maisha ya pengwini. Picha zilikuwa nzuri, walimwambia Flora kesho yake. Ila kuhusu meli hawakuambiwa kitu.

Alisema maneno hayo mchana kutwa, maana mchana wa Misigiri ndio asubuhi ya kule. Sauti yake ilikuwa tulivu, wala haikumgharimu chochote. Frank alimwandikia kumsifu: wateja wanampa alama za juu, wanasema ana subira. Flora alisoma sifa hizo kama mtu anayesoma bango la duka lililofungwa.

Maneno hayo alikuwa ameyasikia kwa Kiswahili pia, wala si zamani.

Eliya alifukiwa katika duara, kama wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao, kwenye machimbo ya dhahabu ya Sekenke, baada ya mvua ya usiku kulainisha udongo. Alikuwa na wenzake wawili. Flora na mama yake walifika asubuhi kwa bodaboda, wakakuta kamba imezungushiwa eneo na ndugu wengine wameketi kwenye majani yenye umande. Msemaji wa kikundi cha mwenye duara, mwanamume wa makamo aliyevaa koti la mvua, alisimama juu ya kifusi akashika kipaza sauti. "Ndugu zetu, tunawaomba muwe watulivu. Vijana wanafanya kila linalowezekana. Taarifa mpya mtapewa jioni."

Mama alikuwa amebeba chupa ya uji wa ulezi. Alisema Eliya akitolewa atakuwa na njaa, na tumbo lililokaa na njaa halipokei ugali. Akaikumbatia ile chupa kifuani, jua likapanda, likawa la utosini, likaanza kushuka, na yeye hakuiweka chini. Kila aliyepita, mama alimwuliza, "Bado?" Nao wakamjibu, "Bado, mama, vuta subira."

Jioni ndipo walipoambiwa. Uchimbaji wa kuwaokoa ulikuwa umesimamishwa tangu asubuhi, kabla hata hawajafika; ilibaki kutoa miili tu. Waliokuwa juu ya kifusi walijua hakuna aliyepona. Walikuwa wakingoja gari la polisi lifike kwanza, wakihofia ndugu wangefanya fujo.

Selina hakufanya fujo. Njiani kurudi alisema neno moja tu, kwa Kinyiramba, lugha yao ya nyumbani. Alisema, "Mbona walinikalisha na uji?"

Basi katikati ya wiki hiyo ya meli akapiga simu mama mmoja, Bibi Doreen, mtu wa visiwani kaskazini mwa Uskoti. Sauti yake ilikuwa kavu na yenye adabu. Aliwahi kuwa mkunga. Alikuja peke yake, akiwa amepanga safari hiyo na dada yake, lakini dada akaugua akabaki, akamsisitiza aende na amletee habari za barafu.

"Jana wamenipigia kutoka hospitali," Bibi Doreen alisema. "Hali yake imegeuka. Kama meli itaondoka siku mbili tatu hizi, nitakwenda, kwa sababu nilimwahidi. Kama haiondoki, nataka kurudi nyumbani nikae naye. Ninachoomba ni kujua tu."

"Ninasikitika sana kwa usumbufu," Flora alisema. "Mafundi wanafanya kila linalowezekana. Taarifa mpya mtapewa jioni."

"Ahsante, binti," Bibi Doreen akasema.

Alipiga tena kesho yake, na keshokutwa yake. Simu zingeweza kuangukia kwa mhudumu mwingine yeyote, lakini alimtaja Flora kwa jina, akasema yule msichana mwenye sauti ya upole. Flora akamjibu vilevile. Mara ya tatu Bibi Doreen hakukata simu mara moja.

"Nimefunga begi, liko mlangoni," alisema. "Nimekaa kitandani na koti langu na viatu. Kila asubuhi navaa hivi. Nikisikia hatua za mtu kwenye korido nasimama. Ni ujinga, najua."

"Si ujinga," Flora akasema, na kwa kuwa hayo hayakuwa maneno aliyopewa, akaongeza upesi, "Tunashukuru kwa uvumilivu wako."

Siku hiyo alipotoka nje kunyoosha mgongo alimkuta mama yake uani akipeta uwele. Makapi yalikuwa yameshika kwenye khanga yake. Kuku walimzunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaongea na nani kutwa? Nakusikia unarudia jambo lile lile, ingawa lugha siijui."

"Wazungu wazee, mama. Wamekwama bandarini. Meli yao imeharibika."

"Itapona?"

"Haiponi. Mwaka huu haiendi popote."

"Na wao wamekwisha ambiwa?"

"Bado."

Selina akarusha ungo, makapi yakapaa, punje zikarudi. "Wewe unajua?"

"Najua."

Mama akaongeza uwele kwenye ungo. Akaendelea kupeta. Flora akasimama pale kitambo, akangoja kitu kimchome kifuani, aibu au hasira, chochote. Hakuna kilichokuja. Mikono yake ilikuwa kama mikono iliyolaliwa usiku kucha, ipo lakini si ya mtu. Akaingia ndani, akavaa hedifoni.

Kesho yake, simu ya kwanza ilikuwa ya Bibi Doreen.

"Habari za asubuhi, Flora. Ni mimi tena."

"Habari za asubuhi." Akavuta pumzi. "Bibi Doreen, meli haitaondoka."

Alilisema kwa sauti ile ile ya siku zote. Hakushusha sauti, hakutazama mlango.

"Unamaanisha leo?"

"Leo, kesho, mwezi huu. Safari itafutwa. Mtatangaziwa Ijumaa ijayo. Ukiondoka kabla ya hapo, kampuni itasema umejitoa mwenyewe na haitakusaidia kwa lolote. Lakini meli haitaondoka."

Flora alisikia upepo wa mji ule ukigonga dirisha.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Utapata matatizo kwa kuniambia?"

Flora akalifikiria swali hilo kama linalomhusu mtu mwingine. "Sijui," akasema. "Pengine."

"Uko wapi wewe, binti?"

Hapo wahudumu walitakiwa kujibu kwamba wako katika ofisi ya huduma kwa wateja. "Niko Misigiri," Flora akasema. "Mkoa wa Singida, Tanzania."

"Kuna hali gani huko?"

"Mvua imekatika. Mtama unakomaa. Bibi Doreen, nenda kwa dada yako."

"Nimekwisha simama," Bibi Doreen akasema, na simu ikakatika.

Flora akamaliza zamu yake. Waliopiga baadaye aliwaambia hivyo hivyo, wote, bila kuulizwa mara mbili. Bwana mmoja alimtukana, akasema ni mwongo. Mke na mume wakashukuru wakaanza kugombana kabla hawajakata simu. Mama mmoja alicheka, akasema alijua tangu ule mhadhara wa pili wa pengwini.

Frank akapiga jioni. Hakufoka, afadhali angefoka.

"Flora, nusu ya hoteli wanafunga mizigo. Makao makuu wamesikiliza simu zako."

"Sawa, kaka."

"Umepatwa na nini? Ni huu msiba? Niambie ni msiba, dada yangu. Nitawaandikia kwamba ulikuwa na msiba, hukuwa sawa. Watakuhurumia."

Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa mbele yake, nao haukuwa na uongo mkubwa. Flora akaona hawezi kupita kwa mlango huo. Hakuweza kumtoa Eliya kaburini aje ajibu kwa ajili yake.

"Nilikuwa sawa," akasema. "Niliwaambia kwa kuwa ndivyo ilivyo."

Frank akashusha pumzi ndefu. "Basi sina la kufanya."

"Najua. Usijali."

Kabla giza halijaingia nenosiri lake lilikuwa halifanyi kazi. Flora akakunja waya wa hedifoni, akaufunga kwa mpira, akaifunika kompyuta kwa kitambaa ili isipate vumbi. Akamwambia mama yake kwamba kazi imekwisha. Selina alimtazama kwa muda.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Kesho basi tutakwenda wote shamba. Ndege wameshaanza kuushika mtama."

Wakawa wanakwenda kila siku, kabla jua halijachomoza, kuamia ndege wasile mtama. Kwelea walikuja kwa makundi kama moshi. Walitengeneza kombeo, wakafunga mabati chakavu kwenye kamba ili ikivutwa yapige kelele, wakakaa juu ya kichuguu. Flora alifanya yote, akala alichopewa. Watu wa kijijini waliopita walisema binti wa Mughwai kapata moyo, anashika jembe kama hakusoma. Hakujua kama ni moyo. Ilikuwa ni kuamka na kulala tu.

Ijumaa ile ilipita. Baadaye alisikia kwa mwenzake wa zamani kwamba kampuni ilitangaza siku ile ile iliyopanga, ikawashukuru abiria waliosalia kwa uvumilivu wao na kuwaambia kubadilika ni roho ya safari ya uvumbuzi.

Mtama ulikuwa umekaribia kuvunwa ndipo ujumbe wa Frank ulipoingia kwenye simu yake, wakiwa shambani. Hakuandika salamu. "Huyu bibi ametuandikia, anataka ufikishiwe. Mimi sikutakiwa kukutumia." Chini yake kulikuwa na maneno ya Bibi Doreen.

"Ni nini?" Selina akauliza.

"Mama mmoja wa wale wa meli. Dada yake alikuwa mgonjwa."

"Nisomee."

Flora akamsomea, akiyageuza kwa Kinyiramba taratibu, maana kulikuwa na mambo yasiyogeuka kirahisi. Bibi Doreen alipanda ndege nne. Alifika. Dada yake alikuwa angali hai, na alikaa naye siku kadhaa kabla dada hajafariki. Dada alimwuliza kuhusu barafu, naye Bibi Doreen akamwambia ukweli kwamba hakuiona, wakacheka.

"Alimkuta anaongea?" Selina akauliza.

"Anaongea, kidogo kidogo."

"Alikula?"

Flora akatafuta mahali hapo kwenye kioo cha simu. "Anasema dada aliomba chai. Akamshikia kikombe, akanywa yote."

Selina akatikisa kichwa, mara moja, mara mbili. "Akanywa yote," akarudia.

Kisha akasimama. Kundi la kwelea lilikuwa limetua upande wa chini wa shamba, mashuke yameinama kwa uzito wao. Selina akajifunga khanga kiunoni, akashuka kichuguu, akaanza kuwapigia kelele. Ndege wakainuka. Yeye akaendelea. Alipiga kelele shamba likiwa tupu, ndege wakiwa wamekwisha vuka barabara kuelekea kwa watu wengine, sauti yake ikipasuka na kurudi tena, isiyo na maneno ndani yake.

Flora alimtazama, simu ikiwa bado mkononi. Hakujua amwite au amwache. Mwisho akaiweka simu juu ya kichuguu, akashika kamba ya mabati, akaivuta kwa nguvu zake zote, akaivuta tena.