Vipimo vya Mguu wa Kulia

Kunyamaza si kipaji changu, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Mume wangu ni fundi rangi. Wenzake humwita Paka kwa jinsi anavyopanda ngazi, ndoo mkono mmoja, brashi mdomoni. Jumatatu ile ngazi iliteleza, Paka akaanguka kama gunia, paja la kulia likavunjika vipande vitatu. Hospitali wakasema watamfanyia upasuaji kesho yake kwa roboti. Nikasema hewala. Mimi mwenyewe niliacha cherehani ya miguu nikahamia ya umeme, sina ugomvi na mashine.

Alasiri daktari wa mifupa alikuja kitandani kutueleza. Binti mdogo, viatu vya mpira, sauti iliyotulia. Nilikuwa na wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyejipulizia manukato kana kwamba anakwenda kuposwa.

"Roboti inashika mguu, mama," daktari alisema. "Inauvuta polepole na kuuzungusha mpaka mfupa ukae mahali pake. Zamani tulivuta kwa mikono, na mikono huchoka. Ukishakaa, natoboa kitundu kidogo hapa kwenye nyonga, napitisha chuma ndani ya mfupa."

"Inajuaje mahali pake?"

"Tumeupiga picha mguu wa kushoto, ulio mzima. Inauiga huo."

Nikadakia, "Basi itakosea!"

Wifi akanifinya. "Wifi, mwache daktari afanye kazi yake. Wewe umesomea cherehani."

"Nimesomea, ndiyo maana najua."

Miaka ishirini na miwili namshonea suruali mtu huyu. Mguu wa kulia naukata kama wa watu wote. Wa kushoto lazima niuzungushe kitambaa vidole viwili kwenda nje, la sivyo mkunjo wa pasi unakimbia goti. Mguu ule umegeuka, unyayo unatazama pembeni. Roboti ikiuiga, miguu yote miwili itatazama pembeni kama ya bata, na ule wa kulia ndio anaosimamia mchana kutwa juu ya ngazi. Nilisema yote hayo kwa pumzi moja.

Daktari akamgeukia mgonjwa. "Mzee, kwenye fomu ulijibu kwamba hujawahi kuvunjika."

Mume wangu akaangalia dari. "Nilikuwa na miaka saba. Nilianguka ukutani. Mama akanifunga mbao, akanikataza kusema."

"Kaka! Mbona mimi sijui?" wifi akamaka.

"Hukuwa umezaliwa."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na ukoo huo ni mabingwa wa kuficha.

Daktari hakunipuuza. Hilo nitalisema mpaka nizeeke. Alifungua picha ya mguu wa kushoto kwenye kompyuta, akaikuza, akatuonyesha kinundu cha zamani kwenye mfupa. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Mama, huu wa kulia ulikuwaje kabla ya kuvunjika?"

Nilikwenda nyumbani mbio, nikarudi na karatasi za kaki ninazokatia suruali zake, na viatu vyake vya kazi. Kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje, cha kulia kimelika sawasawa. Tukatandaza karatasi juu ya shuka. Akapima, akalinganisha na picha za nyonga na goti, akapima tena. Mwisho akaandika namba zake. "Roboti itafuata hizi," alisema. "Haitauiga mguu wa kushoto."

Asubuhi walipompeleka chumba cha upasuaji, ujasiri wangu wote ulinitoka. Wifi alinishika mkono, tukakaa kwenye benchi kwa muda wa saa mbili na nusu. Kama nimekosea, basi mimi ndiye niliyempinda mume wangu. Nilitamani kufunguliwa mlango nikaseme, mwanangu, mimi ni mshonaji tu, usinisikilize.

Sikwenda, nilikaa.

Siku iliyofuata walimsimamisha. Kijana wa mazoezi ya viungo alimshika kwapa, daktari akachuchumaa sakafuni kabisa, macho kwenye nyayo. Mume wangu akaukanyaga mguu wa kulia, uso umemkunjamana. Unyayo ulitazama mbele. Goti lilitazama mbele. Wa kushoto uliendelea na ukaidi wake wa tangu utotoni.

"Paka wangu," nilisema, machozi yakanitoka mbele za watu.

Yule kijana akachungulia mguu, akachungulia mwingine. "Daktari, hii miguu hailingani. Vipimo hivi alichukua nani?"

Nilidhani atajibu ni yeye, au ni roboti. Ingekuwa haki yake.

Daktari alisimama, akajipangusa magoti, akanielekezea mkono.

"Muulize fundi," alisema.